Kivuli Upande wa Ziwa

Juzi mmoja wenu alinionyesha ile kamera mpya ya meno, nyembamba kama kalamu, inayotoa picha kwenye skrini kwa mwanga peke yake, bila mionzi. Jino zima linang'aa, na pale linapoanza kuoza panabaki kivuli. Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayemweleza bibi yake habari za ndege: "Mama Vero, hii inaona kuoza mbele ya tundu kutokea." Nikasema ehee, ajabu kweli. Nikarudi nyumbani, nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika. Na mimi nikikasirika sipigi kelele, naandika. Kupiga kelele kunataka kusimama.

Basi sikieni, wadogo zangu wa meno. Kivuli hicho nilikuwa nakiona hapa hapa Kalemie, miaka ya vita, wakati hata pamba tulikuwa tunaikata vipande vya ukubwa wa ukucha. Sisemi ili mnipigie makofi. Nasema kwa sababu mmeanza kuamini kwamba ni kamera inayoona.

Kwanza mnijue. Nilimaliza sekondari, nikatafuta kazi ambayo haitaniondoa karibu na jiko la mama yangu, nikapata ya muuguzi wa meno kwenye kituo cha afya kilicho dakika kumi kutoka kitandani. Mpala, kijiji cha ufuko huu huu, nimefika mara moja kwa mutumbwi, nikatapika kwenda, nikatapika kurudi. Watu walipokuwa wanavuka ziwa kwenda Kigoma na magodoro kichwani, mimi nilibaki, na mpaka leo kuna wanaoniita shujaa. Jamani. Shujaa ni muntu anayeweza kwenda akachagua kubaki. Mimi niliitazama ile boti, tumbo likanijibu.

Aliyenifundisha ni Papa Rajabu, mzee wa familia za zamani za wafanyabiashara wa ziwa, kanzu safi kila Ijumaa, na kucha fupi kuliko za mtu yeyote niliyemjua. Siku ya kwanza hakunipa koleo wala kioo. Alinipeleka sokoni kwa mama muuza mayai. "Mutazame," akasema. Yule mama alichukua yai, akalizungushia vidole, akaliinua kwenye jua, akachungulia. Zima. Akachukua jingine. Zima. La tatu akaliweka pembeni. "Umeona alichofanya?" Papa Rajabu akauliza. "Hakulivunja. Weye ukitaka kujua kama jino linaoza, utalivunja?"

Hiyo ndiyo shule yangu nzima ya picha za mwanga. Mengine yote ni vifaa.

Vifaa vyenyewe mngecheka. Tochi ya betri tatu. Mbele yake Papa Rajabu alifunga kijiti cha plexi, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, alichokikata kwenye kioo cha mbele cha boti iliyovunjika, akakisugua kwa mchanga, halafu kwa majivu, halafu kwa dawa ya meno, wiki mbili, mpaka mwanga ukaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ukiwa mdogo kama punje ya mchele. Sisi tuliiita lampi. Unashusha pazia, unaweka ncha ya lampi ubavuni mwa jino, karibu na ufizi, unatazama kwa juu na kioo kidogo. Jino zima linawaka lote kama yai lile. Ganda likianza kulegea katikati ya meno mawili, mahali ambapo jicho halifiki, mwanga unakwama. Kivuli cha kijivu maana yake ugonjwa bado uko kwenye ganda la nje, na unaweza kusimamishwa. Kivuli cha rangi ya chai maana yake umeshaingia ndani, chelewa uone.

Na jino lazima likauke, hilo msinisahau. Jino lenye mate linaficha. Ninyi mna mashine ya hewa. Sisi tulikuwa na pompi ya baisikeli. Inafaa sana, ila mtu asiiazime. Siku moja mlinzi wetu alikuwa ameiazima, akaitia grisi, akairudisha bila kusema. Nikampulizia mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Aliondoka mdomo mweusi, na wanafunzi wake walicheka muhula mzima.

Kosa langu jingine lilikuwa la ndakala, dagaa wetu wa ziwa. Mwezi wa kwanza nilimtangazia mama mmoja vivuli vitano, mpaka akaanza kulia. Papa Rajabu akachukua mswaki, akamsugua, akaniita tena. Vivuli vitatu vilikuwa vichwa vya ndakala. Hapa kwetu, kabla ya kutazama jino lolote, safisha. Hata kamera yenu ya kalamu itaona ndakala na kuiita ugonjwa.

Sasa kuna jambo moja la Papa Rajabu ambalo nyinyi mtalishangaa. Vitabu vya Kifaransa vinataja ubavu wa jino unaoelekea mbele ya mdomo kwa neno lake, na ule unaoelekea nyuma kwa neno lake: mésial, distal. Wasaidizi walikuwa wanayachanganya kila siku. Papa Rajabu akayatupa. Kiti chetu kilitazama dirisha la ziwa, mgonjwa ameelekeza uso kwenye maji, mgongo kwenye mlima. Basi kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa, tuliandika ZIWA kwa ubavu wa mbele na MULIMA kwa ubavu wa nyuma. Hapa Kalemie hata mlevi anajua ziwa liko wapi. Kwa miaka mingi hakuna aliyekosea tena. Pembeni nilikuwa nachora duara la jino na kivuli chake kwa penseli, umbo lake na ukubwa wake. Hiyo ndiyo ilikuwa skrini yangu.

Vita ikaja. Umeme wa bwawa la Bendera ukakatika, mashine ya kutoboa ikageuka meza ya kuwekea chai. Papa Rajabu akavuka kwenda kwa ndugu zake. Kwenye ufuko alinipa lampi imefungwa kwenye leso. "Boti imejaa," akasema. "Na weye najua hauendi popote." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeacha ufunguo kwa jirani.

Tukabaki na daktari mmoja, Dokta Ilunga, kijana wa Lubumbashi, mtu wa tumbo na homa, aliyejikuta anaongoza kila kitu pamoja na meno. Sikumchukia. Alikuwa amechoka mpaka anasinzia amesimama. Lakini alikuwa na dawa moja tu kwa jino: kung'oa.

Akaja Mama Mado, muuza ndakala, mzaliwa wa Mpala, na binti yake Mado wa miaka kumi. Nilikuwa nimewapima watoto wa shule iliyo jirani, na Mado alikuwa na kivuli kwenye jino la 36. Hilo ni gego la kwanza la chini, kushoto, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita na wazazi wanadhani ni la utoto litabadilika. Halibadiliki. Likienda, limekwenda.

"Mama Vero, ng'oa," akasema kabla hajakaa.

"Linamuuma?"

"Haliumi."

"Sasa ning'oe nini?"

"Si umesema lina kivuli?"

"Nimesema kivuli. Sikusema tundu."

"Kivuli njo baba ya tundu." Akamsogeza mtoto mlangoni, akashusha sauti. "Sikia. Bunduki ikilia kesho, mimi nakamata huyu na chungu, naingia mu pori. Kule hakuna weye, hakuna sindano. Jino likimuamkia kule, atalia. Tukiwa tumelala ndani ya majani na wale watu wanapita, mutoto akalia, tumekufa wote. Umeelewa?"

Nilielewa. Hakuwa mama mjinga, na msimwite hivyo. Nusu ya mji walikuwa wanafikiri kama yeye: walikuja kung'olewa meno mazima kama mtu anavyofunga mizigo mapema. Kwa upande mmoja kulikuwa na gego ambalo mtoto angelihitaji miaka sitini. Kwa upande wa pili kulikuwa na kilio kimoja porini.

Lakini niliona hasira ikinipanda. Vita ina neno lake inalolipenda: kwanza. Ng'oa kwanza. Uza kwanza. Kimbia kwanza. Mwisho unakuta imekufanya uishi kama mtu ambaye kesho hayupo, na hata risasi haijakugusa. Nikasema moyoni, ninyi wenye bunduki, mji mmechukua, barabara mmechukua, umeme mmechukua. Gego la huyu mtoto hamlipati.

Dokta Ilunga alikuwa amesikia. "Mama Vero, ganzi iko naisha. Tuko na ampuli tisa. Batoto benye kivuli beko bangapi?"

"Kumi na wanne."

"Basi tunang'oa tisa wiki hii, tunamaliza hii maneno."

"Dokta, muntu akija na homa, unamukata kichwa?"

Mama Mado alicheka bila kutaka. Dokta hakucheka. Nikamwambia mbele ya wote: nipe miezi sita. Kivuli cha mtoto yeyote kikikua hata kwa unene wa unywele, au kikitokea kingine, nitakubali ang'olewe, na lampi nitaitupa ziwani kwa mkono wangu. Dokta akasema sawa, kwa uchovu nadhani. Mama Mado akasema, "Miezi sita ya vita ni mirefu, Mama," lakini akamshika mtoto mkono wakaondoka na gego lao.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Kila Jumatano watoto kumi na wanne walipanga mstari. Tulichambua uzi mwembamba kwenye gunia la nailoni, tukaupitisha katikati ya meno. Tukakausha kwa pompi. Tukapaka dawa ya meno yenye floridi, ile iliyokuwa inavuka na boti kutoka Kigoma, tukaiacha hapo bila kusukutua. Miwa na bombo, yaani peremende, marufuku. Bombo hazikuwepo hata hivyo, kwa sababu sukari ilikuwa haifiki. Watu waliniambia, unaona, vita imesaidia meno. Nikawaambia mtu akikuchomea nyumba halafu ukaota moto wake, usimwambie asante.

Mwezi wa nne wa ile miezi sita, asubuhi moja, risasi zilipita kwenye dirisha la ziwa. Hakuna aliyeumia. Kioo kiliisha, ukuta ukapasuka. Tukahamisha kiti chumba cha pili, kilichokuwa farmasi siku tulipokuwa na dawa. Dirisha lake liko upande mwingine. Nikageuza kiti kifuate mwanga, nikatundika pazia, nikaendelea na kazi. Nawaambia ukweli: sikufikiri chochote. Kupaka dawa hakutaki kusoma fishi.

Ikafika siku ya kontroli, ya kupima upya. Dokta alikuja, sindano mkononi, ampuli mezani. Mama Mado alisimama ukutani na mikono kifuani. Nikamkalisha Mado, nikasafisha, nikapuliza, nikashusha pazia. Fishi inasema: 36, ZIWA, kijivu, kama mbegu ya lengalenga, ule mchicha wetu. Nikaweka lampi upande wa ziwa.

Safi. Jino linawaka lote, hakuna hata doa.

Mimi si mtu wa kucheza ngoma, lakini magoti yalitaka. Ndipo nikahamisha lampi upande wa mlima. Kivuli. Cha kijivu, kama mbegu ya lengalenga, mahali ambapo miezi sita iliyopita niliandika kwamba ni pazuri.

Nilitazama mara tatu. Kisha nikasema: "Dokta, kimetokea kingine."

Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Alivunja ampuli, akavuta dawa, akamchoma Mado taratibu, vizuri kabisa. Mama Mado akasema tu, "Nilikwambia." Tukasubiri ganzi ishike. Kwa kuwa sikuweza kuwatazama usoni, nikamkalisha mtoto wa pili kwenye stuli pembeni, uso upande ule ule wa kiti. Ziwa safi, mlima kivuli. Wa tatu: ziwa safi, mlima kivuli. Wa nne alikuwa na kivuli chenye umbo la mwezi mchanga, nilikikumbuka kwa sababu nilikichora kwa furaha. Kwenye fishi kilikuwa ziwani. Mdomoni kilikuwa mlimani, mwezi mchanga ule ule, pembe ile ile.

Vivuli havisafiri. Hata mimi nasafiri kuliko vivuli.

Nikainua kichwa nitazame maji, kama nilivyozoea nikitaka kufikiri. Pembeni mwa pazia nikaona migomba. Migomba na njia ya mlimani na mbuzi wa jirani.

"Mado," nikasema, "uso wako unatazama wapi?"

"Kwenye mulima, Mama," akasema, ulimi mzito.

Nikageuka. Dokta alikuwa ameshika koleo na kidevu cha mtoto.

"Acha! Dokta, acha! Kiti!"

"Kiti gani?"

"Kiti tumekigeuza! Ziwa liko mugongoni!"

Alinitazama kama mtu anayehesabu ni kitanda kipi kiko wazi kwa ajili yangu. Nikachukua fishi, nikamsimamisha, nikamwonyesha kwa mkono: mgonjwa akitazama ziwa, ubavu wa mbele wa jino ni ziwa. Akitazama mlima, ubavu ule ule wa mbele umekuwa mlima. Hakuna kivuli kilichopona na hakuna kilichozaliwa. Ni kile kile, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Miezi sita na hakijakua. Kimesimama.

Dokta akaweka koleo chini. "Umenipotezea ampuli moja juu ya kiti," akasema.

"Ndiyo, Dokta."

"Mama," Mado akauliza, akijipapasa, "mudomo wangu umeenda wapi?"

Hapo tungeweza kucheka na kumaliza. Lakini Mama Mado alikuwa hacheki. Alisogea, akasema kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Ganzi imeshashika. Hatasikia kitu. Ng'oeni tu."

Dokta akanitazama. Mtoto ni wa Mama Mado, jino ni la mtoto wake, na mimi ndiye muntu niliyekuwa nimetoka kukosea mbele ya macho yake. Maneno yangu asingeyaamini. Basi nikampa lampi.

"Tazama weye mwenyewe."

Alichuchumaa. Nikamshikia kioo, nikamwelekeza mkono. Alikuwa mama wa samaki, jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Nikaweka fishi yenye mchoro wangu karibu na shavu la Mado. Akatazama jino, akatazama penseli, akatazama jino.

"Hakikukua," akasema.

"Hakikukua."

"Na kikiamka pori?"

"Hakiamki siku moja. Kutoka hapo kilipo mpaka kuuma ni miezi mingi, na njia yote hiyo tutakiona kinakuja. Wale wenye bunduki, hatuwaoni wakija. Hiki tutakiona. Nipe siku moja kila miezi mitatu. Siku moja tu."

"Na weye utakuwa hapa?"

"Mama Mado, niende wapi? Nitapike ziwa lijae?"

Akanirudishia lampi. "Liache," akasema. Kisha, mlangoni, "Lakini kiti hicho, andika kwenye ukuta kinatazama wapi, weye mama." Siku hiyo hiyo nilikaa nikazisahihisha fishi zote, kwa maneno ya vitabu, mésial na distal, nikimwomba Papa Rajabu msamaha. Mbele ya mdomo haihami hata ukimning'iniza mgonjwa miguu juu. Mkitaka kuandika picha ya jino, andikeni kwa mdomo, msiandike kwa nyumba.

Siku chache kabla ya ile miezi mitatu kwisha, bunduki zikalia kweli. Mji ukamiminika. Niliwaona Mama Mado na Mado wakipita mbele ya nyumba yangu, chungu kichwani, hawakugeuka. Mimi nilijificha chini ya kitanda siku mbili, na hata huko nilijichagulia upande wenye mkeka.

Siku ya kontroli ilipofika, kulikuwa kimya. Nilikwenda kituoni kwa sababu nilikuwa nimeiandika ile tarehe kwa mkono wangu, na sikutaka kuipa vita hata tarehe. Nikafagia, nikatundika pazia, nikapanga pamba. Dokta Ilunga alipita na ndoo ya maji.

"Utapima nani leo, Mama Vero? Meza?"

"Ikiwa na meno."

Kwenye saa nne waliingia. Vumbi jekundu mpaka magotini, Mado na jani limekwama kwenye nywele. Mama Mado akatua chungu, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu.

"Mumetoka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, huko juu. "Siku mbili za kutembea. Kesho tunarudi, bado si vizuri." Akamsukuma mtoto kwenye kiti. "Si njo leo ile siku?"

"Ndiyo, njo leo."

Nilisafisha. Nilipuliza. Nikaweka lampi. Nilitazama mbele, nikatazama nyuma, nikaangalia mchoro. Mama Mado alikuwa ameshasimama, ananipumulia begani, anatazama naye.

"Kiko vile vile," akasema kabla yangu.

"Kiko vile vile."

Akainua chungu, akakiweka kichwani, akakisawazisha kwa kidole kimoja.

"Basi andika siku ingine," akasema.

Nikaandika.